Dawa haitafuti kosa, wewe ndiye utafute

Wadogo zangu mlioanza zamu majuzi, nawapenda, lakini hili limenichosha. Hapa kiwandani tunaitenga fosfeti na mchanga kwa povu: dawa hufanya chembe zishike viputo na kupanda. Kila fosfeti inapoonekana kwenye mabaki tunayotupa, mkono unakimbilia valvu ya dawa.

1. Angalieni tope kwanza. Udongo laini unaoponyoka kwenye haidrosaikloni (chombo cha kuzungusha maji kinachoutenga na mchanga) hula asidi ya mafuta, dawa yetu ya kwanza, kabla haijafika kwenye chembe za fosfeti.

2. Dawa ichanganywe kwenye uji mzito wa mchanga na maji, yabisi karibu asilimia 70, pH 9 hivi. Maji ya kupunguza uzito yaje baadaye.

3. Hapa ndipo mnaponiumiza. Njia ya Crago, ile ya Florida, ina mielesho miwili, yaani kupandisha kwa povu mara mbili: asidi ya mafuta huinua fosfeti, kisha dawa ya pili, amini, huinua silika (mchanga) iliyosalia. Katikati tunasugua kwa asidi ya salfuriki na kusuuza, ili chembe zivuliwe mafuta. Juzi kijana mmoja, mchapakazi kweli, alifupisha kusuuza ili tani zipande. Asidi ya mafuta ina chaji hasi, amini chanya; zikikutana zinashikana zenyewe, na silika inabaki chini. Fosfeti yenye mafuta nayo ikapanda pamoja na povu tunalolitupa. Alipoona makinikia (fosfeti iliyotengwa) yana mchanga, akaongeza amini. Povu likawa zito, likafurika kwenye mifereji, na majibu ya maabara yakazidi kuwa mabaya. Nikachota kiganja cha mchanga uliotoka kusuuzwa, nikautia kwenye bika ya maji safi, nikakoroga, nikaacha utulie. Juu ukatanda utando unaong'aa, na chembe za kahawia zimening'inia chini yake, hazizami. Jibu lilikuwa pale, na kipimo hicho hakimalizi hata dakika mbili! Kifanyeni kila zamu, jamani, hata kama msimamizi anadai tani.

4. Mbale (mawe ghafi) yenye dolomaiti, jiwe la kabonati lenye magnesiamu, msiipikie dawa hiyohiyo. Kule tunainua kabonati kwenye pH 5 hivi, fosfeti ikishikiliwa chini kwa asidi ya fosforiki. MgO (oksidi ya magnesiamu) ikivuka asilimia 1, wenzetu wa kiwanda cha asidi wanateseka na vichujio. Ila kama dolomaiti bado imeng'ang'ania ndani ya chembe, hakuna povu litakaloitoa. Pelekeni sampuli kwenye hadubini mjue isagwe hadi wapi, na wakati mnasubiri majibu, valvu ibaki ilipo.