Land Cruiser yenye friji na winchi: uweke betri ipi?

Mtu akienda kununua betri ya gari kubwa, mara nyingi huuliza swali moja tu: "N70 mnayo?", yaani betri ya saizi hiyo. Kwa gari la kwenda kazini na kurudi, swali hilo linatosha. Kwa Land Cruiser ya safari yenye injini ya dizeli ya 1HZ, friji nyuma, winchi mbele, redio ya mawasiliano na soketi za wageni kuchajia kamera, halitoshi hata kidogo. Kazi yangu ni njia ya Arusha kwenda Serengeti, na ninachowaambia madereva wenzangu ni hiki: kabla ya kuuliza bei, jua gari lako linakula umeme kiasi gani injini ikiwa imezimwa.

Chukua usiku mmoja wa Seronera, katikati ya Serengeti. Friji ya kompresa ya lita 40 ikiwa inafanya kazi huvuta kama ampea 4. Kwenye joto huwaka karibu nusu ya muda, kwa hiyo weka wastani wa ampea 2. Toka saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi imeshakula ampea-saa 24. Wageni nao wamechomeka chaja kwenye inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani: wati 60 kwa saa tatu, kwenye betri ya volti 12, ni ampea-saa 15 nyingine, na inveta yenyewe inakata chake. Weka na taa ya kambini na kifaa cha kufuatilia gari, unapita 40. N70 ikiwa mpya ina ampea-saa 70 hivi, na betri ya risasi haipendi kushushwa chini ya nusu. Ukiizoesha hivyo, sahani zake hushika ganda la salfeti, na baada ya hapo utaichaji usiku kucha isishike.

Asubuhi bado unataka iwashe dizeli ya lita 4.2. Kama umelala kambi ya Simba, ukingoni mwa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, oili imekuwa nzito kwa baridi, hita plagi zinazopasha injini joto kabla ya kuwaka zimechukua zao, na baridi hiyohiyo imeipunguza nguvu betri.

Wengi hukimbilia saizi kubwa zaidi, N100 au N120. Sikubaliani nao. Betri ya kuwashia, hata iwe kubwa vipi, ina sahani nyembamba nyingi kwa ajili ya kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache. Kulisha friji usiku mzima ni kazi ya betri yenye sahani nene, zile tunazozijua kama betri za sola. Kwa hiyo weka mbili: moja ya kuwashia, nyingine ya ampea-saa 100 kwa friji, inveta na taa. Katikati yake fundi aweke rilei, swichi inayojiwasha yenyewe, inayoziunganisha pale tu altaneta inapochaji, kama volti 13.3 hivi, na kuzitenganisha unapozima injini. Winchi ibaki kwenye betri ya kuwashia, na injini iwe inaunguruma, maana ikibanwa kwenye tope inaweza kuvuta ampea 400, na hakuna altaneta ya gari hili inayofika huko.

Betri ya kuwashia isome maandishi yake. Ukiona 105D31R, namba ya mwanzo ni daraja la nguvu, kubwa ndiyo bora. 31 ni urefu kwa sentimita. Herufi ya mwisho inahusu upande wa terminali. Ukikosea upande, waya hazifiki. Fundi akitaka kuunga kipande cha waya ili zifike, mkatalie, badilisha betri. Angalia pia CCA, yaani ampea ambazo betri inaweza kutoa kwa sekunde 30 katika nyuzi 18 chini ya sifuri. Baridi hiyo hatunayo, lakini namba hiyo inakusaidia kulinganisha betri mbili za umbo moja.

Kwa porini mimi nachagua yenye vizibo kuliko iliyozibwa kabisa. Joto la kwetu linakausha maji, na yenye vizibo unaweza kuiongeza popote: maji ya betri, si asidi, wala maji ya kunywa ya chupa. AGM, betri iliyozibwa ambayo asidi yake imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo, ni nzuri na inavumilia mtikisiko, ila ikae mbali na joto la injini. Lithiamu iweke ndani ya gari, kamwe si chini ya boneti, na iwe na chaja yake.

Dukani, omba mita ya kupimia volti. Betri iliyotulia ikisoma volti 12.6 au zaidi, endelea na mazungumzo. Chini ya 12.4, omba nyingine. Muuzaji atakwambia, "Kaka, hii imeingia wiki hii." Sawa, imeingia dukani wiki hii, imetengenezwa lini? Tarehe huwa imegongwa kwenye lebo au pembeni mwa boksi lake. Mimi iliyopita miezi sita siichukui, hata akipunguza bei.

Ikishafungwa, washa injini na taa zote upime tena. Ikiwa kati ya 13.8 na 14.4, altaneta iko vizuri. Ikiwa chini ya 13.5, angalia mkanda na altaneta kwanza, la sivyo betri mpya itafuata njia ya ile ya zamani. Waya unaokwenda betri ya pili uwe mnene, wenye fyuzi karibu na kila betri.

Halafu kuna kile chuma cha kuishikilia betri, ambacho mafundi wengi hukiacha sakafuni mwa gereji. Kidai. Mawimbi ya ile barabara ya kuelekea lango la Naabi, la kuingilia Serengeti, yanavunja sahani ndani ya betri inayocheza. Ukirudi safari ya kwanza, fungua boneti, ishike kwa mikono miwili uitikise. Ikisogea, kaza nati.