Kasis sijawahi kuila, niseme nini mbele ya wenzangu?

SWALI: Yaya, jambo sana. Mimi ni mama wa watoto wawili, niko Kampemba hapa Lubumbashi. Tuko watu saba, kila mwisho wa mwezi tunakutana kwa nyumba ya mmoja wetu, kila mtu anachangia, tunafungua chupa tatu ao nne za divai tunaonja pamoja na kula kidogo. Mwezi uliopita ilikuwa kwangu. Kuna mwenzetu mmoja alisomea Ubelgiji, yeye akinusa tu anaanza, kasis, frambwazi, matunda ya Ulaya hayo, majani ya msituni, na wengine wote ndiyo ndiyo. Zamu yangu ikafika nikasema hii nyeupe inanukia marakuja, lile tunda la pasheni. Kukawa kimya, halafu yeye akasema hayo si maneno ya divai. Nilisikia haya sana, tena kwa nyumba yangu mwenyewe. Kasis sijawahi kuiona hata siku moja. Nijifunze yale maneno yao ao niache tu klabu?

JIBU: Mdogo wangu, usiache. Ulisema kweli, na sisemi hivi kukupa moyo tu. Ukute ile nyeupe ilikuwa Sauvignon Blanc, maana ndo inanukia hivyo, na hiyo harufu hukuiota, iko ndani ya vere, ile glasi yako. Kile kitu kinacholipa marakuja harufu yake, na mapera pia, ndo kitu kilekile kinachotoka kwenye maji ya zabibu hizo yakianza kuchacha. Hakuna aliyetia tunda mle, divai ni zabibu basi, na huyo anayesikia kasis naye hakuna kasis iliyowekwa. Wazungu wenye kuandika vitabu vya divai wanaandika marakuja na mapera bila haya yoyote, wakati kwao hayo matunda yanatoka mbali, wewe unayanunua fungu sokoni na mikono yako inabaki inanukia mpaka jioni. Sasa nani anayajua zaidi?

Shangazi yangu wa Kamalondo, mama ambaye hajawahi kusoma kitabu cha divai, siku moja nilimpa vere ya nyeupe kama hiyo. Akanusa, akanyamaza, akanusa tena, akasema "hii ni marakuja ile ya kuiva sana, ile ngozi imekunjamana." Si marakuja tu, marakuja ya siku gani! Mpaka leo sijasikia mtu akielezea divai vizuri kuliko hapo.

Na si hiyo moja. Syrah, zabibu ya divai nyekundu, nyingi zinanukia pilipili manga, na mwaka 2008 watafiti wa Australia walionyesha sababu, kuna kitu kinaitwa rotundoni ambacho kiko kwenye hiyo zabibu na kiko kwenye pilipili manga yenyewe. Pinotage, zabibu ya Afrika Kusini ambayo Abraham Perold aliizalisha Stellenbosch mwaka 1925, mara nyingine inanukia ndizi mbivu. Ule ukali unaokausha ulimi kwenye nyekundu, ni chai ya rangi iliyokaa sana bila sukari. Yote hayo unayo jikoni kwako.

Huyo mwenzenu msigombane naye, kasis ni tunda dogo jeusi la nchi za baridi, alilila kule, kwake ni kumbukumbu ya kweli. Kosa lake ni kukufunga mdomo. Lakini mimi kinachonisumbua zaidi ni wale wa ndiyo ndiyo, maana mtu wa kwanza akishasema, pua za wengine zinamfuata, na hilo linawapata hata wasomi. Mwaka 2001 huko Bordeaux watafiti walichukua divai nyeupe wakaitia rangi nyekundu isiyo na harufu, wakawapa wanafunzi 54 wa mambo ya divai, nao wakaielezea kwa maneno ya divai nyekundu. Jicho liliwaambia nyekundu, pua ikakubali.

Kwa hiyo mwezi ujao omba hivi, kila mtu apewe kikaratasi, aandike kwanza, mkimaliza ndo msome kwa sauti, na chupa ziwe zimefichwa kwenye mifuko mtu asione bei wala jina. Na mezani weka visahani, nusu marakuja, kipande cha pera, ndizi, pilipili manga iliyopondwa, na kama ni msimu wa masuku, yale matunda ya porini, weka na masuku, watu wanuse sahani halafu vere, sahani halafu vere. Weka pia kipande cha kartoni uliyoilowesha maji. Siku chupa itanukia hivyo ni kizibo kimeiharibu, si kosa la aliyenunua, msimnunie.

Nyeupe zitangulie, nyekundu baadaye. Vere isijae, chupa ya mililita 750 inawatosha saba na inabaki. Na kwa joto letu la mwezi wa 10 nyekundu nayo iingie frigo nusu saa, maana ikiwa vuguvugu mtasikia pombe tu inapanda puani na hilo marakuja, pilipili, kasis, vyote vinapotea.

Mifuko uchukue ile ya karatasi nzito, myembamba ikilowa inaonyesha etiketi.