Anko wa Dadu anajibu: Nisubiri gemu yangu ya Star Wars itoke tena, au nikate tamaa?

Shikamoo Anko. Mimi mtu wa Tanga lakini niko huku Minneapolis mwaka wa kumi na moja sasa. Nilipofika nilifikia kwa binamu yangu, na binamu alikuwa na boksi moja kubwa la gemu ya mezani inaitwa Star Wars: The Queen's Gambit, ile ya filamu ya Episode I, tulikuwa tunaicheza Jumamosi usiku theluji inashuka nje mpaka wali unapoa tumeusahau. Binamu akahamia Texas, boksi likapotea kwenye kuhama. Sasa wanangu wamefika umri wa kucheza nikaanza kuitafuta, kumbe haitengenezwi tena, na walionazo wanataka hela ambayo mke wangu akiisikia ataitisha kikao cha ukoo. Washkaji wananiambia tulia, lazima wataichapa upya. Nisubiri? Na hivi kampuni inakataaje hela za watu wanaoitaka?
*Msomaji, Minneapolis*

Marahaba mpwa wangu. Nikujibu kwanza ndo nieleze: kwa jina lile, kwenye boksi lile, usisubiri. Siyo kwamba gemu ni mbovu, wala siyo kwamba hakuna wanaoitaka. Tatizo ni kwamba ile gemu ina wenyewe wengi.

Kwa wasioijua, ilitoka mwaka 2000, mwaka mmoja baada ya filamu, chini ya jina la Avalon Hill, kampuni kongwe ya gemu za vita ambayo Hasbro, wale wakubwa wa vichezeo Marekani, walikuwa wameinunua 1998. Waliibuni watu watatu, Alan Roach, Craig Van Ness na Rob Daviau, hilo jina la mwisho lishike tutalirudia. Humo ndani unapata ule mwisho wa filamu mzima mzima, vita vinne kwa mpigo: Wagungan (wale viumbe wa sayari ya Naboo) na maroboti wanapigana uwanjani, kijana Anakin yuko juu angani na kindege chake, Malkia na walinzi wake wanapanda ikulu ghorofa kwa ghorofa (ikulu yenyewe ni ya karatasi ngumu inasimama mezani kama nyumba), na pembeni yule adui Darth Maul anakatana panga za mwanga na mashujaa Qui-Gon na Obi-Wan. Visanamu vya plastiki zaidi ya 150. Na utamu wake uko kwenye zile kadi, kila mtu anachagua kadi nne anazipanga kifudifudi, halafu mnafunua moja moja kwa zamu, sasa umepanga kadi yako ya tatu iwe ya ikulu, kabla hujaifikia mwenzako ameshakuharibia huko huko ikulu, na huwezi kuibadilisha, unaifunua tu huku unajiuma mdomo. Ukishaizoea hiyo unaelewa kwa nini mtu anaikumbuka miaka kumi na moja.

Sasa kwa nini hairudi. Leseni ya filamu ni kama kupanga fremu Kariakoo. Mzigo ni wako, rafu ni zako, wateja umewatafuta mwenyewe kwa jua na mvua, ila fremu ina mwenyewe, na mkataba ukiisha unafungasha. Star Wars ilikuwa ya Lucasfilm, na 2012 Lucasfilm ikanunuliwa na Disney kwa dola bilioni nne na kidogo. Kabla tu ya hapo, 2011, kampuni ya Fantasy Flight, ambao ni majirani zako hapo Minnesota, walitangaza kupata leseni ya kutengeneza gemu za kadi na za visanamu za Star Wars, wakatoa X-Wing 2012, na 2014 wao wenyewe wakaingia chini ya Asmodee, kampuni kubwa ya Ufaransa. Tangu hapo ukiona Star Wars nzito ya mezani, Rebellion ya 2016, Imperial Assault na wenzake, mara nyingi inatoka nyumba hiyo. Siyo wao peke yao pia, 2022 Ravensburger wa Ujerumani walitoa Star Wars Villainous. Yaani haki zimekatwa vipande vipande kama mkate wa kumimina, huyu kapewa pembe hii yule pembe ile.

Kwa hiyo chukua picha: kanuni zilivyoandikwa, michoro ya kadi, muundo wa ile ikulu, hivyo vilitengenezwa ndani ya Hasbro. Majina na sura za Darth Maul na wenzake ni za Disney. Na biashara ya gemu za aina hiyo kwa sasa wanayo watu wa tatu. Ili boksi lirudi inabidi hao wote wakae meza moja wakubaliane nani anakula nini, na kwa mzigo wa mwaka 2000 ambao faida yake ukiigawa mara tatu inabaki ya chai na maandazi, nani ataamka asubuhi aanze hicho kikao? Halafu kumbuka kwenye bidhaa za filamu mwenye filamu ndo anaidhinisha, picha hii ndiyo, kisanamu hiki pua siyo, rudia, na sura za waigizaji zinaweza kuwa na makubaliano yake mengine huko. Hiyo ni kazi ya miezi.

Kuna na plastiki, watu wanaisahau. Kisanamu kinatoka kwenye kalibu ya chuma, na kalibu moja tu ni maelfu ya dola. Kalibu ikikaa miaka ishirini bila kazi inashika kutu, au imeshauzwa chuma chakavu, au hakuna aliye hai kiwandani anayejua ilihifadhiwa wapi. Kwa hiyo mtu akisema "si wachape tu" anadhani ni kitabu. Kitabu unachapa. Hii unaanza upya.

Na nikuambie kilichonikatisha tamaa mimi kabisa. 2024 The Phantom Menace, yaani hiyo hiyo Episode I, ilitimiza miaka 25, wakairudisha kwenye majumba ya sinema mwezi wa tano, watu wakaenda na watoto wao. Aisee kama kulikuwa na siku ya kulitoa lile boksi ilikuwa siku ile. Kimya.

Haya, usizime simu kwanza. Sijasema haitarudi, nimesema haitarudi *kwa jina lile*, na hapa ndo nataka unisikilize. Kule Marekani sheria ya hakimiliki inalinda maandishi na michoro, ila *namna ya kucheza* hailindwi na hakimiliki, ile ya kupanga kadi kifudifudi na kufunua haina hakimiliki ya mtu (hataza, yaani patent, ni kitu kingine, nayo ina muda wake inaisha). Kwa hiyo gemu za filamu zikifa mara nyingi zinafufuka zimevaa nguo nyingine. Battlestar Galactica ya Fantasy Flight ilitoka 2008, hiyo ni ya tamthilia lakini ishu ni ile ile, ikatoweka madukani, bei ya mtumba ikachangamka, na 2021 wakatoa Unfathomable, mashaka ni yale yale nani msaliti kati yetu, ila chombo cha anga kimekuwa meli ya baharini na maroboti yamekuwa majitu ya majini. Na Hasbro hao hao 2002 walikuwa na Star Wars: Epic Duels, wahusika wakuu 12 kila mmoja na karata zake, nayo haikurudi. Lakini Rob Daviau, si nilikuambia ushike jina, akaja kuwa mmoja wa waanzilishi wa Restoration Games, kampuni ambayo kazi yake hasa ni kufufua gemu za zamani, na 2019 wakatoa Unmatched ambayo msingi wake ni Epic Duels waziwazi, ila badala ya Vader unakuta Medusa, Sinbad, Mfalme Arthur, watu ambao hawamdai mtu leseni. Kichekesho ni kwamba baadaye wakatoa na ya Jurassic Park, yenye leseni ya filamu. Yaani ilitoka mlango wa filamu, ikarudi kupitia dirisha la filamu nyingine.

Na wapo waliorudi na jina lao kabisa, nisikunyime. Dune ya Avalon Hill ni ya 1979. Fantasy Flight walitaka kuirudisha haki ya jina haikupatikana, 2012 wakaitoa kwa nguo nyingine ikaitwa Rex, watu wakasema basi tena, jina limezikwa. 2019 Gale Force Nine wakaja na Dune yenyewe, jina lake, kanuni zake. Kilichobadilika nini? Filamu mpya ilikuwa njiani, na mwenye jina akiwa na filamu njiani anapokea simu. Kama unataka kubashiri gemu gani ya filamu itarudi, usihesabu mashabiki wanaolia, angalia kama mwenye filamu ana kitu kipya cha kuuza. Na Episode I kwa sasa sioni cha kuuza.

Ushauri wangu basi. Kama watoto wanataka ile raha ya Maul na Obi-Wan kukatana, nunua Unmatched, ni rahisi kufundisha na mchezo mmoja unaisha kabla uji haujapoa. Kama wewe ndo unataka vita vikubwa vya Star Wars mezani, Rebellion ipo, ila ni saa tatu nne na watoto watakukimbia. Na kama moyo wako umegoma unataka lile lile, tafuta la mtumba lenye upungufu, siyo kamili. Bei kubwa inalipiwa ukamilifu, boksi lililokosa maroboti sita linashuka sana na maroboti sita hata huyaoni kwenye kundi lile. Omba picha ya kila kitu kimetandazwa mezani kabla hujatuma hela. Mimi sikuomba. Nilinunua la kwangu kwa mtu mtandaoni, likafika limefungwa vizuri kweli, nikahesabu Wagungan wote, ikulu nzima, Darth Maul hayumo. Mtu mmoja tu ambaye huwezi kucheza bila yeye.

Niaje Uncle. Hiyo gemu mnayosifu nimeona watu wameiskani yote, kadi, bodi, kila kitu. Kuna jamaa wa printing hapa tao Nairobi bei yake iko poa. Nikijichapishia ni makosa? Na nikichapa tano niuzie mabeshte?
*Msomaji, Nairobi*

Poa kijana. Maswali mawili hayo usiyachanganye. Moja yako, kwenye meza yako, ni eneo la kijivu, kisheria ile michoro bado ina mwenyewe hata kama gemu imetoweka sokoni, kutouzwa hakuondoi hakimiliki, ila ukweli ni kwamba mashabiki dunia nzima wanafanya na sijasikia mtu kagongewa mlango kwa nakala yake moja. Tano za kuuza ni biashara, hapo umeuza picha za Disney. Usifanye.

Kama una mikono ya kazi kuna njia nzuri zaidi na ni halali. Chukua wazo la kadi nne kifudifudi, andika kanuni kwa maneno yako, weka vita vyako mwenyewe, chora au mtafute anayechora. Kadi uchapishe kwenye karatasi ya gramu 300 hivi, iwekwe lamination ya mati isiwe ile ya kung'aa, ya kung'aa inateleza na chini ya taa husomi kitu. Visanamu usihangaike navyo, kete za drafti zinatosha kabisa mpaka ujue kama gemu yenyewe ina utamu.

Assalam aleykum Anko. Niko Muscat. Kwenye kuhama nyumba nimekuta Epic Duels haijafunguliwa hata nailoni, ilikuwa ya kaka yangu, ameniambia chukua. Niuze sasa au niiweke ipande bei? Naogopa nikiiweka watachapa nyingine ya kwangu ishuke.
*Msomaji, Muscat*

Waaleykum salaam dada. Hofu yako ni ya haki, maana nakala mpya ikitangazwa ya zamani huwa inashuka, wachezaji wanahamia mpya wanabaki wakusanyaji tu. Ila kwa yale niliyomwambia mwenzio wa Minneapolis, sioni Epic Duels ikitoka na jina hilo. Na wengi waliokuwa wanaitaka *kwa kucheza* Unmatched imeshawachukua, kwa hiyo wanunuzi wako ni wakusanyaji, hao wanalipia nailoni, usiifungue kama nia ni kuuza. Kupanda zaidi sana sitarajii, ningekuwa wewe ningeuza.

Wakati unasubiri mteja usiiweke stoo ya nje wala kwenye buti la gari, joto la Muscat na ule unyevu wa baharini linapinda boksi hata likiwa kwenye nailoni. Chumba chenye AC, ilale chali, usirundike vitu juu.

Na kabla sijasahau, dada, kaka yako huyo kama alikuwa mtu wa Star Wars muulize kama hana Darth Maul wa Queen's Gambit amezagaa kwenye droo. Kwangu mpaka leo anachezewa na kizibo cha soda.