Naandika kila kitu, mtihanini sikumbuki

SWALI: Shikamooni. Nasoma kidato cha tano, mchepuo wa CBG (kemia, baiolojia na jiografia), hapa Dodoma. Kwenye baiolojia naandika kila neno la mwalimu na daftari nalisoma mara tatu, lakini mtihanini nasahau. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Bidii unayo. Tatizo ni kwamba kusoma tena na tena huyazoesha macho maandishi, ukadhani umeyajua, ilhali mtihani unataka uyatoe kichwani bila daftari.

Kwenye ukurasa wa daftari, piga mstari wima sentimita 6 kutoka ukingo wa kushoto. Upande wa kulia, mwalimu akifundisha, andika hoja kwa ufupi, kwa maneno yako. Jioni hiyohiyo, wakati wa prepo (muda wa kujisomea), andika maswali upande wa kushoto: “Kwa nini ateri ina ukuta mnene kuliko vena?” Kisha funika kulia, jibu kwa kalamu, ndipo ufunue. Wengi huharibu hapa kwa kuchungulia mapema. Vumilia ukikwama, maana kule kulitafuta jibu ndiko kunakolikaza. Rudia kesho, baada ya siku 3, kisha baada ya wiki, ukianza na maswali yaliyokushinda. Mchoro wa moyo nao uchore upya bila kuangalia, na majina ya sehemu zake zote.