Maswali ya Wasomaji: Chaja ya Kompyuta Safarini

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari mjini Tanga. Mwezi wa Septemba natarajia kwenda Ujerumani kwa masomo ya mwaka mmoja, na kabla ya hapo nitakaa wiki tatu kwa dada yangu aliyeko Toronto, Kanada. Kompyuta yangu mpakato niliinunua hapa nchini, na chaja yake ina plagi ya pini tatu bapa. Muuzaji mmoja ameniambia kuwa umeme wa Kanada ni mdogo kuliko wetu, hivyo sina budi kubeba transfoma. Mwingine amesema adapta moja ya dunia nzima inatosha, kwa kuwa inabadili umeme wenyewe. Nimwamini yupi?
Mwalimu, Tanga

JIBU: Mwalimu, hongera kwa nafasi uliyoipata. Kabla hujatoa hata shilingi moja, ichukue chaja yako, igeuze upande wenye maandishi madogo, uyasome penye mwanga wa kutosha. Kama yamefifia, yapige picha kwa simu kisha uyakuze. Tafuta mstari unaoanza na neno INPUT, yaani umeme unaoingia. Ukikuta imeandikwa 100–240V na 50–60Hz, kama ilivyo kwa chaja nyingi sana za kompyuta mpakato za siku hizi, basi chaja hiyo inapokea umeme wa Japani wenye volti 100, wa Kanada wenye volti 120 na hezi 60, na wa Tanzania na Ujerumani wenye volti 230 na hezi 50, bila wewe kubonyeza chochote. Ndani ya kile kiboksi cheusi, umeme wa ukutani hugeuzwa kwanza kuwa wa mkondo mmoja, kisha hukatwakatwa maelfu ya mara kwa sekunde na kupitishwa kwenye kitransfoma kidogo, huku saketi ikipima kinachotoka na kukirekebisha papo hapo, ndiyo maana kompyuta hupata volti zake 19 au 20 zilezile popote ulipo.

Kwa hiyo muuzaji wa kwanza alisema kweli kuhusu umeme wa Kanada, lakini transfoma huihitaji. Utabeba mzigo wa bure. Muuzaji wa pili amekosea jambo kubwa zaidi. Adapta ya plagi hubadili umbo la pini tu, na volti zinazoingia ndizo zinazotoka. Nalisisitiza hili kwa sababu anayeamini kwamba adapta inabadili umeme hataishia kwenye kompyuta; kesho ataichomeka pasi. Kikausha nywele kilichotengenezwa kwa volti 230 kikifika Toronto kitatoa takriban robo tu ya joto lake, na hilo ni usumbufu mdogo. Hatari iko upande wa pili: kile cha Kanada kilichotengenezwa kwa volti 120 kikichomekwa Tanga kwa adapta, kitaungua, na kinaweza kuwasha moto. Dada yako akitaka kukupa zawadi ya kifaa cha umeme, muombe akisome kwanza maandishi yake.

Sasa ninunue nini, utauliza. Ushauri wangu ni kununua waya, si adapta. Angalia mahali waya wa ukutani unapoingia kwenye kiboksi cha chaja. Kwenye chaja nyingi waya huo huchomoka, na mwisho wake una matundu matatu yaliyopangwa kama mafiga, au mawili yaliyolala sambamba kama tarakimu 8. Maumbo hayo ni ya viwango vya kimataifa, kwa hiyo waya wowote wenye mwisho kama wa kwako utaingia, mradi unaheshimu idadi ya matundu. Kwa Toronto tafuta waya wenye plagi ya pini mbili bapa zilizo sambamba na moja ya mviringo; kwa Ujerumani, wenye pini mbili nene za mviringo, unaoitwa Schuko. Aghalabu waya kama huo huuzwa kwa bei ya chini kuliko adapta nzuri ya dunia nzima, na hukaa ukutani imara.

Uimara huo nilijifunza thamani yake nikiwa safarini Marekani. Soketi za kule hushika pini kwa ulegevu, na adapta yangu ya dunia nzima ilikuwa nzito, tena imebeba plagi yetu kubwa ya pini tatu. Ilikuwa ikiinama taratibu mpaka pini zinaonekana nusu, kisha cheche ndogo inasikika. Niliiegemeza kwa vitabu viwili nikaendelea na kazi. Asubuhi nilikuta alama nyeusi pembeni mwa tundu moja la soketi, nikaitupa adapta ile na kwenda kununua waya.

Kama chaja yako ni ile inayochomekwa yenyewe ukutani bila waya wa kuchomoka, hapo huna budi kutumia adapta. Chagua ndogo, ya nchi moja, na kama chaja ina pini ya ethi, yaani ile inayoshusha ardhini umeme unaovuja, hakikisha adapta nayo inaipitisha ethi hiyo. Adapta nyingi za dunia nzima haziipitishi: zina tundu la pini ya tatu, lakini nyuma yake hakuna kilichounganishwa. Dalili yake utaisikia mwenyewe kwenye kompyuta yenye ganda la chuma. Ukiupitisha mkono juu ya ganda hilo wakati inachaji, utahisi kama linatetemeka au linachomachoma kwa mbali. Huo ni umeme mdogo sana unaovuja kupitia vichujio vya chaja kwa kukosa ethi ya kuushusha. Kwa kawaida hauna madhara, ila unakuarifu kwamba ethi haifanyi kazi. Kwenye soketi ya Ujerumani, ethi ni vile vibanio viwili vya chuma vilivyo kwenye kingo za shimo la mviringo, kwa hiyo plagi au adapta isiyovigusa haina ethi hata ikiingia vizuri.

Kwa sababu hiyohiyo, utakaporudi na vifaa vyenye plagi za Ujerumani, nakusihi usifuate ile desturi yetu ya kuchokoa tundu la juu kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie. Pini ndefu ya juu ndiyo inayofungua vifuniko vinavyozuia vidole vya watoto, na ndiyo ethi. Ukiichokoa kwa kalamu, umevikosa vyote viwili.

Neno la mwisho kwako: kama kompyuta yako inachajiwa kwa USB-C, ukipoteza chaja Ujerumani hutahangaika. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka kompyuta mpakato mpya zinazouzwa huko kuanzia tarehe 28 Aprili 2026 ziweze kuchajiwa kwa tundu hilo, kwa hiyo chaja zake ziko tele. Angalia tu wati, na ukumbuke kwamba juu ya wati 60 kebo nayo lazima iwe ya ampea 5.

SWALI: Sisi tunaoishi Muscat tukienda Unguja likizo, tunahitaji adapta? Tena, chaja yangu ya wati 65 niliisahau hotelini, na fundi ananipa ya wati 90. Haitaiunguza kompyuta?
Msomaji, Muscat

JIBU: Hamhitaji adapta: Oman na Zanzibar zote zinatumia pini tatu bapa, na tofauti ya volti 240 na 230 chaja haitaijali.

Kuhusu wati, soma mstari wa OUTPUT, yaani umeme unaotoka. Volti lazima zilingane na za chaja ya zamani: kama ilikuwa 19.5, mpya nayo iwe 19.5. Ampea zinaweza kuzidi, kwa sababu kompyuta huchukua kiasi inachohitaji. Volti 19.5 kwa ampea 3.34 ni wati 65. Kwa ampea 4.62 ni wati 90, na hiyo ni salama. Ya wati 45 ndiyo ya kukataa, maana itapata moto sana na betri itapungua ukiwa kazini. Linganisha pia kile kichoro kidogo cha alama za kujumlisha na kutoa, kinachoonyesha upande chanya wa kichwa cha chaja. Baadhi ya kompyuta huitambua chaja kupitia pini nyembamba iliyo katikati ya kichwa, na zisipoitambua hazichaji betri hata volti zikiwa sawa. Kwa hiyo ichomeke palepale kwa fundi, fanya kazi nusu saa, uone kama asilimia ya betri inapanda, ndipo umlipe.