Seva Nyumbani, Duka Mtandaoni: Maswali Yenu Juu ya Laini za Bei Nafuu

Nalipia intaneti ya kebo ya megabiti 300 kwa sekunde, na duka langu la vitenge nimeliweka kwenye kompyuta ya hapa nyumbani. Mbona wateja wanalalamika kwamba linafunguka kwa shida? (Muuza vitenge, Columbus, Ohio)

Ndugu yangu, hiyo 300 ni kasi ya kupakua. Soma mkataba wako vizuri utafute kasi ya kupakia. Kwenye vifurushi vingi vya kebo huwa ni 10 au 20 tu. Ukitazama filamu, wewe unapakua. Mteja akifungua duka lako, yeye ndiye anayepakua, na kompyuta yako ndiyo inayopakia.

Piga hesabu. Megabiti 10 ni megabaiti 1.25 kwa sekunde. Ukurasa wenye picha za vitenge za megabaiti 2 utamfikia mteja mmoja kwa sekunde 1.6. Wakiingia kumi kwa pamoja, ni sekunde 16, na hakuna mnunuzi atakayesubiri kiasi hicho.

Asili yake ni kwamba waya huo ulitandazwa kupeleka televisheni majumbani, si kupokea kitu kutoka huko. Katika mifumo ya zamani ya Marekani, njia ya kurudi, yaani ya kupakia, ilipewa masafa ya megahezi 5 hadi 42 tu. Nafasi kubwa iliyobaki juu yake ikawa ya kushuka, yaani ya kupakua. Na kijinjia hicho mnagawana na majirani, kwa hiyo jioni watu wakirudi kazini kinazidi kubana. Kifurushi cha kebo cha biashara chaweza kukupa anwani ya mtandao ya kudumu na huduma ya haraka zaidi, lakini waya unabaki uleule. Angalia pia kama mkataba wako wa nyumbani unaruhusu seva, yaani kompyuta inayohudumia wageni wa mtandaoni kama hiyo yako, maana mingi inakataza.

Nina faiba ya nyumbani. Seva naiona nikiwa ndani, lakini nikitoka barabarani na simu haipatikani kabisa. Nimefungua kila kitu kwenye rauta. (Muuza vipuri, Dar es Salaam)

Ingia kwenye rauta utazame anwani ya IP (namba inayoitambulisha laini yako mtandaoni) iliyopewa upande wa nje. Ikiwa inaanza na 100.64 hadi 100.127, kosa si lako. Akiba kuu ya dunia ya anwani za IPv4, yaani za mfumo wa zamani, ilimalizika kugawiwa Februari 2011, na tangu hapo watoa huduma wengi huwaweka wateja wao wengi nyuma ya anwani moja. Ni kama jengo zima lenye namba moja ya simu: mgeni akipiga, hakuna anayejua aunganishwe na chumba gani.

Waweza kununua IP ya kudumu, kama mtoa huduma wako anaiuza kwa mteja wa nyumbani. La sivyo, kodi seva ndogo ya mbali iwe mlango, na seva yako ijiunganishe nayo kutoka ndani. Lakini ukishakodi huo mlango, nakushauri uliweke duka lenyewe hukohuko.

Na barua pepe za kampuni, niziendeshe nyumbani? (Huyohuyo)

Hapana. Watoa huduma wengi hufunga mlango namba 25 unaopitisha barua, na anwani za majumbani zimo kwenye orodha ambazo seva za wengine huzitumia kukataa barua taka. Ankara yako itaishia kusikoonekana, nawe utadhani mteja amekupuuza.

Nina sola na betri, umeme ukikatika siyumbi. Bado kuna hatari? (Mwenye duka la keki, Nakuru)

Ipo, dada. Vifaa vilivyo kati yako na mtoa huduma, kwenye nguzo na makabati ya mtaani, navyo vinakula umeme. Betri zao zikiisha, sola yako itawasha seva isiyofikiwa na mtu.

Kinachoniuma zaidi ni muda wa matengenezo. Niliwahi kumwekea rafiki tovuti ya oda kwenye laini ya nyumbani. Ikakatika Ijumaa jioni, fundi akaja Jumatatu. Tulirudishiwa ada ya siku tatu. Oda za wikendi hakuna aliyezilipa, na mimi ndiye niliyemshauri hivyo. Ahadi ya mtoa huduma kwamba laini itakuwa hewani asilimia 99.9 ya muda ni dakika 43 hivi za kukatika kwa mwezi, ile ya asilimia 99 ni zaidi ya saa saba, na laini ya nyumbani kwa kawaida haina ahadi yoyote. Keki ya harusi ya Jumamosi haingoji Jumatatu.

Basi laini hii ya bei nafuu ina faida gani kwa biashara? (Huyohuyo)

Kubwa sana, ukiitumia upande wake wenye nguvu. Tovuti iweke kwenye seva ya kukodi. Ndogo hupatikana kwa dola tano au kumi kwa mwezi. Kisha kila usiku kompyuta ya nyumbani ivute nakala ya oda, picha na hesabu. Hapo unapakua. Kwa megabiti 50, gigabaiti 20 zinaingia ndani ya saa moja ukiwa umelala, na laini ikikatika usiku mmoja, nakala itavutwa kesho yake bila mteja kujua.

Mara moja kwa mwezi ifungue nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine, uhakikishe oda zote zimo.