Hadigadi yangu inakwaruza

SWALI: Mhariri, niliunda hadigadi (ala ya muziki yenye nyuzi zinazosuguliwa na gurudumu la kuzungushwa kwa mkono) nyumbani, nikaipeleka kwenye tamasha la Renesansi la Shakopee, ambako watu huigiza maisha ya Ulaya ya karne ya 15 na 16. Ilikwaruza mpaka watoto wakaziba masikio. Tena jirani adai si chombo cha enzi hizo. – Msomaji, Minnesota

JIBU: Ndugu msomaji, tazama kwanza pamba inayofungwa kwenye nyuzi. Kwa kuwa gurudumu ndilo linalofanya kazi ya upinde wa fidla, uzi unaoligusa ukiwa mtupu hupiga kelele. Chambua pamba kidogo, nyembamba kiasi cha kuona kidole chako ng'ambo yake, uisokote kwenye uzi pale unapogusa gurudumu, kisha upake gurudumu utomvu mkavu wa msonobari, kwa uchache. Ikiwa sauti bado inapanda na kushuka kila mzunguko, gurudumu lako si duara kamili, na hapo hakuna njia ila kulisawazisha upya.

Jirani yako amekosea. Kwenye lango la kanisa kuu la Santiago de Compostela, Hispania, lililochongwa karne ya 12, wazee wawili wamepakata chombo kimoja cha aina hiyo, mmoja akizungusha, mwenzake akipiga noti. Kilicho kipya ni tamasha lenyewe (hilo usimwambie), maana Marekani lilianzia California mwaka 1963.